Bibi wa Lincolnshire Anajibu: Kodi ya Parishi, Padri wa Little Steeping na Zamu ya Maua

*Safu hii huandikwa na muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Muheza, ambaye ameolewa, akafanya kazi na kuzeekea kijijini mashariki mwa Lincolnshire, Uingereza. Barua zimefupishwa.*

Shikamoo bibi. Mimi ni dereva wa lori, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Kodi za nyumba mjini zimetushinda, tukahamia kijiji kimoja cha Leicestershire. Juzi imekuja bili ya kodi ya halmashauri. Nimeona pesa za kaunti, za wilaya, za polisi, za zimamoto, na chini kabisa kuna mstari wa parishi. Sisi ni Waislamu. Kwa nini tulipie kanisa? – Baba wa Watatu, Leicestershire

Marahaba mwanangu. Hulipii kanisa, tuliza moyo. Ungekuwa umehamia hapo kabla ya 1868 ningekuunga mkono ugome, maana siku hizo mwenye nyumba alitozwa kodi ya kukarabati kanisa la parishi awe anasali pale, anasali kwingine au hasali kabisa. Wakristo wa madhehebu mengine waliokataa, kama Wakweka, walikuwa wakichukuliwa vyombo vyao vya ndani vikanadiwe. Mwaka 1868 Bunge likaondoa ulazima huo.

Sasa huo mstari wako. Kwa karne nyingi mambo ya kijiji cha Kiingereza yaliendeshwa na mkutano wa kanisani: nani maskini apewe mkate, nani atengeneze barabara, mtoto asiye na baba alelewe na nani. Mwaka 1894 sheria ikayatenganisha. Kanisa likabaki na parishi yake, na kijiji kikapewa parishi yake ya kiserikali yenye halmashauri ya kuchaguliwa. Mara nyingi mipaka ni ileile na jina ni lilelile, ndiyo maana hata Waingereza wenyewe huchanganyikiwa. Hiyo pesa kidogo unayokatwa inaenda kwenye halmashauri ya kijiji: madiwani wasiopungua watano wasio na mshahara, na karani mmoja anayelipwa, ambaye kwa kawaida ndiye pekee anayejua sheria inasemaje.

Wanafanyia nini? Kufyeka nyasi za uwanja wa watoto, mabenchi, ubao wa matangazo, taa za njiani mahali pengine, viwanja vidogo vya kukodisha vya kulima mboga, kile kibanda chekundu cha simu ambacho kampuni ya simu ilikiuza kwa pauni moja na sasa kina mashine ya kushtua moyo. Barabara si yao, ni ya kaunti, kwa hiyo ukienda kulalamika juu ya mashimo watakusikiliza kwa huruma kisha wataandika barua. Nenda lakini. Mkutano uko wazi kwa mwananchi yeyote, na hakuna mahali utakapowajua majirani zako upesi kama pale. Nimekaa kwenye ukumbi usio na moto wa kutosha, koti mwilini, nikisikiliza wanaume wazima wakibishana juu ya kinyesi cha mbwa kwa ukali ambao sijauona hata kwenye mirathi ya kwetu.

Kuna upenyo mmoja nikuambie ukweli wote. Makaburi ya kanisa yakishajaa na kufungwa rasmi, kanisa linaweza kuikabidhi serikali ya mtaa kazi ya kuyatunza, na kwenye vijiji vingine mzigo huo huangukia halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo huenda pesa zako chache zinafyeka nyasi juu ya mababu wa watu. Ila na wewe una haki yako hapo: mkazi wa parishi, wa dini yoyote, ana haki ya kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa la parishi yake maadamu hayajafungwa na nafasi ipo. Najua utapendelea sehemu ya Waislamu mjini. Nakutajia tu ujue kwamba ukihamia hapa wewe ni mtu wa parishi, upende usipende.

Bibi, salamu kutoka Unguja. Kazi yangu ni kuongoza wageni kwenye kanisa la Mkunazini. Siku zote nimekuwa nikiwaambia kwamba Askofu Steere, aliyelijenga, alitoka London. Juzi mzee mmoja wa Kizungu akanikatiza mbele ya kundi zima: "Hapana, alikuwa padri wa kijiji, Little Steeping." Ni wapi huko? Kuna nini cha kuona? Mwakani nimealikwa Uingereza na ningependa kufika. – Mtembezaji, Mkunazini

Mmesema kweli nyote wawili, ila yule mzee angengoja umalize. Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria na kuwa wakili. Akaiacha sheria, akapewa upadri, akaanzia Devon kusini-magharibi, kisha akaja huku kwetu pwani ya mashariki, Skegness, siku ambazo Skegness ilikuwa kijiji cha wavuvi, haijawa mji wa bembea na viazi vya kukaanga. Wavuvi walimpenda kwa kuwa alikuwa mtu wa kukunja mikono ya shati. Kutoka hapo akapewa parishi ya Little Steeping, maili chache bara.

Jirani yake, padri wa Burgh le Marsh, aliitwa William Tozer. Mwaka 1863 Tozer akafanywa askofu wa ile misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu, UMCA, iliyokuwa imeshindwa kule mto Shire, Malawi ya leo, naye akamwomba Steere amsindikize. Kwa hiyo watu wawili waliohamia Unguja mwaka 1864 walikuwa mapadri wa vijiji viwili ambavyo leo mtu mwenye baiskeli anavimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilibatizwa Magila, mikononi mwa misheni hiyohiyo, na nilipoletwa huku na mume sikuwa na habari kwamba nimeletwa kwenye chimbuko lake. Nililigundua jina la Tozer nikiwa nasubiri basi pale Burgh, nikisoma karatasi ya historia ya kanisa ili kuua muda.

Jambo ambalo ningependa uwaambie wageni wako ni hili. Steere alirudi Uingereza mwaka 1868, na hakurudi London kutoa mihadhara. Alirudi kwenye parishi yake. Alikuwa na makaratasi ya Kiswahili aliyoyakusanya Unguja, na mwaka 1870 vitabu vyake viwili vikatoka London: kimoja cha sarufi na msamiati, kingine cha hadithi za Waunguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ile hadithi ya punda wa dobi, yenye papa na kima aliyeacha moyo wake mtini, ilipigwa chapa mara ya kwanza wakati msimamizi wake ni padri wa watu wa ng'ombe na ngano, akibatiza, akizika, akitangaza ndoa Jumapili. Mwaka 1872 akarudi Unguja, 1874 akawekwa askofu. Mengine unayajua kuliko mimi: soko la watumwa limefungwa 1873, jiwe la msingi la kanisa lenu hapohapo Krismasi ya mwaka huohuo, na kaburi lake nyuma ya altare, Agosti 1882.

Sasa kijiji chenyewe. Usitegemee kadi ya posta. Vijiji vya kadi ya posta, vyenye nyumba za mawe ya rangi ya asali na bata kwenye dimbwi, viko Cotswolds, na nyumba moja pale inauzwa bei ya kijiji kizima cha huku. Little Steeping ina watu mia mbili na kitu. Ni nyumba zilizotawanyika kandokando ya njia, matofali mekundu, mashamba yanaanza pale bustani inapoishia. Upande wa kaskazini unaona vilima vya Wolds, upande wa bahari ardhi inalala chali mpaka upeo wa macho. Udongo ni wa mfinyanzi, mzito. Ukikanyaga shamba mwezi wa pili unarudi na kilo mbili kila kiatu. Kila kitu kinategemea mitaro. Mto Steeping, ambao juu huko kwenye vilima huitwa Lymn, umebanwa kati ya kingo za kujengwa unapoelekea Wainfleet na baharini, na Juni 2019 ulipasua ukingo karibu na Wainfleet, watu wakahamishwa majumbani, helikopta za jeshi la anga zikawa zinadondosha mifuko mikubwa ya kokoto kuziba tundu. Kwa hiyo mtu wa huku akikuuliza "mvua ilikuwaje?" hapigi soga.

Kanisa ni la Mtakatifu Andrea. Makanisa mengi ya upande huu yamejengwa kwa jiwe la kijani-kijani la hapahapa, laini, linalomomonyoka kama sukari guru, ndiyo maana utayaona yametiwa viraka vya matofali na vya mawe ya kutoka mbali. Lilikarabatiwa mwaka 1912 kwa kumbukumbu ya Askofu Steere, kwa hiyo ukisimama ndani umesimama ndani ya sadaka ya kumkumbuka. Tazama birika la ubatizo, la karne ya 14. Tazama na sanamu ya jiwe ya padri aliyelala, Thomas de Reding, aliyeishika parishi hii kuanzia 1318 hadi 1353. Hesabu miaka hiyo utaona kwamba aliipitia ile tauni kubwa ya 1349 akiwa kazini. Mimi kama muuguzi humtazama yule zaidi ya wengine. Nje uwanjani kuna msalaba wa mawe wa zamani hizohizo.

Ukiwa na usafiri, vuka uende Monksthorpe, parishi ya Great Steeping. Kuna kanisa dogo la Wabatisti la mwaka 1701 ambalo ukilipita unadhani ni ghala. Nje kuna birika la kubatizia la kuzamisha mtu mzima, wazi kabisa kwa upepo wa Lincolnshire. Waliobatizwa pale Februari walikuwa na imani kweli. Mashamba ya hapo jirani ndiyo yaliyokuwa uwanja wa ndege za kivita wa jeshi la anga, RAF Spilsby, kuanzia 1943. Vijana wengi waliruka kutoka pale usiku na hawakurudi. Watu wa Spilsby wenyewe watakuonyesha sanamu ya Sir John Franklin, mzaliwa wao aliyepotelea kwenye barafu ya kaskazini akitafuta njia ya meli. Wanajivunia sana. Wa kwetu Steere hawana habari naye kiasi hicho, na hilo nalisema kwa chuki kidogo.

Kufika: panda treni London King's Cross, badilisha Grantham, shika ya Skegness, shuka Wainfleet. Hapo uwe umeshaagiza taksi kabla, usije ukasimama stesheni ukitegemea bodaboda. Stesheni ya Little Steeping yenyewe ilifungwa zamani. Na tafadhali, mwandikie padri wa kundi la parishi za Spilsby wiki kadhaa kabla. Makanisa ya huku hayana ibada kila Jumapili na mengine hufungwa kwa ufunguo kwa ajili ya wezi wa madini ya risasi yaliyoezekea paa. Ukiandika "mimi natoka kwenye kanisa la Askofu Steere, Zanzibar", nina hakika utafunguliwa, na usishangae ukikuta birika la chai limeshachemka na mtu ameoka keki. Njoo Mei au Juni. Leta kitabu cha picha za Mkunazini uwaachie. Zile nguzo ambazo hadithi inasema mafundi walizisimamisha juu chini wakati askofu hayupo zitawachekesha mwaka mzima.

Shangazi, mimi ni mtu wa Kakamega, nafanya kazi ya kutunza wazee kijijini Norfolk. Kanisani tuko watu kumi na kitu, wote wana mvi isipokuwa mimi. Nilipoanza kuzoea, mama mmoja akaniletea karatasi: jina langu limeandikwa kwenye zamu ya maua, wiki mbili za Juni. Sijui kupanga maua. Zaidi ya hayo, nimesoma, nina diploma. Kwa nini mimi? Wamenifanya mfanyakazi wa ndani? – Mwenye Kinyongo, Norfolk

Binti yangu, weka kinyongo chini nikueleze. Angalia hiyo karatasi tena. Nani mwingine yumo? Nakuwekea dau kuna mke wa daktari mstaafu na yule mwanamama mwenye farasi. Kanisa la kijiji cha Kiingereza leo halina mfagiaji wala mhudumu. Padri mmoja ana makanisa sita, kumi, na zaidi; kwenu atafika Jumapili moja au mbili kwa mwezi. Kinachobaki kinabebwa na majina kwenye karatasi: wa kufungua mlango asubuhi na kufunga jioni, wa kusoma somo, wa kufyeka, wa kung'arisha shaba, wa kahawa. Wazee wawili wa kanisa huchaguliwa kila mwaka, na kwa sheria vyombo vyote vya kanisa vinavyohamishika ni mali yao kwa niaba ya waumini, kuanzia kikombe cha ushirika hadi ufagio. Mmoja wa kwetu alikuwa afisa wa jeshi mwenye medali. Ndiye aliyenifundisha kuzibua mfereji wa paa.

Watu hawa hawakukaribishi kwa kukushika mikono miwili na kukuuliza habari za nyumbani hadi mbuzi. Watakutazama miezi, halafu siku moja wanakuandika kwenye zamu. Mimi nilisalimiwa kwa kutikiswa kichwa muda mrefu sana. Nilipoosha vikombe baada ya sikukuu ya mavuno ndipo nikaanza kuitwa kwa jina langu.

Kama hutaki, sema hutaki, hawatakula nyama yako. Kama unataka, hivi ndivyo mambo yanavyofanyika.

Ijumaa jioni nunua mashada mawili ya bei ndogo supamaketi. Majani usinunue, yako kwenye ua wa njiani, ila omba kwa mwenye ua. Kata vikonyo kwa mshazari, pukutisha majani yote ya chini, visimamishe kwenye ndoo yenye maji mengi usiku kucha mahali pa baridi. Jumamosi beba maji yako kwenye dumu, maana makanisa mengi ya zamani hayana bomba. Ndani ya chombo usiweke lile sponji la kijani la kuchomekea maua. Makanisa mengi yanaliacha kwa sababu ni plastiki isiyooza. Chukua kipande cha waya wa banda la kuku, kikunje kunje kama mpira usiobanwa sana, kishindilie ndani, funga kwa kamba ili kisizunguke. Anza na majani: tawi refu nyuma katikati, lipate mara moja na nusu ya urefu wa chombo, kisha pembeni, kisha mawili yaning'inie mbele kufunika mdomo. Ukishapata umbo la majani, maua yanajipanga yenyewe. Yaliyochanua sana weka chini karibu na katikati, vitumba viende juu na pembeni. Rudi nyuma mpaka mlangoni utazame, kwa sababu huko ndiko watu watakaa. Waingereza wana benchi ishirini tupu mbele na wote wanakaa nyuma.

Tahadhari chache. Yale maua meupe madogo ya kando ya barabara yanapendeza ila yanamwaga unga juu ya kila kitu. Maua meupe ya ule mti wa miiba unaochanua Mei usiyaingize ndani mbele ya wazee, wanaamini yanaleta kifo. Nyekundu na nyeupe peke yake kwenye chombo kimoja usithubutu, nayo wanasema ni kifo. Hiyo nimeikuta wodini, masista wakubwa walikuwa wakiyatenganisha mashada ya wagonjwa bila kusema neno. Wakati wa Kwaresima hakuna maua, isipokuwa Jumapili ya akina mama ambapo watoto hugawa vifurushi vidogo. Pasaka kila familia huchangia yungiyungi kwa jina la marehemu wao, na orodha hubandikwa. Soma majina yote kabla ya kugusa chochote, maana kukosea hapo ni vita ya vizazi. Maji yasidondoke kwenye kitambaa cha altare. Na usihamishe benchi hata kwa inchi ili kupata nafasi, kwani kwenye majengo haya hata kuondoa benchi kunahitaji kibali cha maandishi cha dayosisi.

Diploma yako ikitakiwa, itatakiwa. Mweka hazina wa kanisa lenu ana umri gani?

Mama mwenzangu, shikamoo. Binti yangu ni muuguzi Dorset kwa viza ya kazi, amechumbiwa na kijana wa Kiingereza wa kijijini hapohapo. Wanataka ndoa kanisani kwao huyo kijana, walikofungia wazazi wake. Padri amewaambia ndoa haiwezi kutangazwa Jumapili tatu kama kawaida, waende kwanza kwa msajili. Huku Dodoma watu wameshaanza: "Kwa nini haitangazwi? Kuna nini kinafichwa?" Nisaidie nijibu nini. – Mama Bibi Harusi, Dodoma

Marahaba, na hongera sana mama. Hakuna kinachofichwa. Padri ameshika sheria, na angewatangaza ndipo ungekuwa na sababu ya kulia.

Tangu Machi 2015, kama mmoja wa wachumba ni mgeni mwenye viza ya kazi kama binti yako, kutangazwa kanisani hakutoshi. Wote wawili wanakwenda pamoja, kwa miguu yao, kwenye ofisi ya msajili iliyoteuliwa, wakiwa wameishi kwenye wilaya zao za usajili angalau siku saba. Wabebe pasipoti, ushahidi wa anwani, karatasi za viza ya binti, na kama kuna aliyewahi kuoa au kuolewa, cheti cha talaka au cha kifo. Kisha ni kusubiri siku 28, na serikali ikitaka kuchunguza zaidi inaweza kurefusha hadi siku 70. Kwa hiyo wasilipie ukumbi wala usikate tiketi kwa kuhesabu zile 28. Hesabu 70. Majina yao yatabandikwa kwenye ofisi ya msajili, basi waambie watu wa Dodoma kwamba wanatangazwa na serikali.

Kwa kanisa lenyewe hawana shida. Kijana akiwa mkazi wa parishi anayo haki ya kuoa pale, na hata angekuwa amehama, kule kufunga ndoa kwa wazazi wake hapo ni sababu tosha tangu sheria ya kanisa ya 2008. Huna haja ya kutafuta barua ya uanachama wala risiti za zaka, kama tunavyodaiwa kwetu.

Mengine ni ya utaratibu. Ndoa ya Kanisa la Uingereza hufungwa kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mpiga kinanda wa vijijini ana kanisa lingine la kukimbilia. Wakisema saa nane ni saa nane kamili. Bibi harusi anaruhusiwa kuchelewa dakika tano na watu wote watazihesabu. Kengele hupigwa na kikundi cha wapiga kengele, nao hulipwa, kwa hiyo muulize kijana kama wameshazungumza nao. Kuhusu vigelegele, mwambieni padri mapema. Wa kwangu aliuliza kama ni lazima nivipige wakati wa kutia sahihi au ningeweza kusubiri. Nikamwambia nitasubiri, na shangazi zangu wawili hawakusubiri.

Umeuliza mwisho wa barua kama jina lako litaandikwa popote au ni la baba tu. Zamani lilikuwa la baba peke yake. Tangu Mei 2021 kumbukumbu za ndoa Uingereza huandikwa na majina ya akina mama pia, pamoja na kazi zao. Mtumie binti jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na umwambie kazi yako aiandike "mfanyabiashara", asije akaandika "mama wa nyumbani" wakati duka la vitenge ndilo lililomsomesha.